Mipaka Inayohama: Historia ya Kanuni za Kingo za Maji katika Nyanda za Kamina na Bonde la Upemba

1.0 Utangulizi

Katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati ziko kanuni zinazomkataza mtu kulima, kukata miti au kujenga karibu mno na mto, ziwa au kinamasi. Kanuni hizo hutaja kipimo: mita 30, mita 60, mita 200. Ardhi iliyoachwa hivyo bila kuguswa huitwa na wataalamu ukanda wa kinga. Kazi yake inafahamika. Majani na mizizi huzuia udongo usikokotwe na mvua hadi majini, huchuja mbolea na uchafu, hupunguza kasi ya mafuriko, na huwapatia samaki mahali pa kuzalia.

Kinachofahamika kidogo zaidi ni historia ya wazo lenyewe. Ni nani aliyeamua kwamba ukingo wa maji una mwenyewe, na kwamba mwenyewe huyo aweza kumwambia mwingine akae mbali? Makala haya yanachunguza swali hilo katika sehemu moja: nyanda za Kamina, pamoja na bonde la Upemba lililo upande wa mashariki, katika jimbo la Haut-Lomami, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Pale inapofaa, sehemu hiyo inalinganishwa na Uganda, Kenya na Tanzania.

Hoja zinazotolewa ni tatu. Kwanza, kabla ya ukoloni kingo za maji katika nchi ya Waluba zilikuwa na utaratibu wake, ila utaratibu huo ulipimwa kwa mtu na kwa msimu. Pili, ukanda unaopimwa kwa mita au kwa maili uliletwa na ukoloni, na matumizi yake ya awali yalikuwa kuwatenga watu: na maradhi, na mara nyingine wao kwa wao. Tatu, sheria za baada ya uhuru zilirithi kipimo hicho, zikakipa lengo jipya la kulinda maji, lakini zikamwacha mkazi wa ukingoni bila haki iliyo wazi juu ya ardhi anayotakiwa kuilinda.

2.0 Nchi na maji yake

Mji wa Kamina umo katika uwanda wa juu, kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mto Lomami, ambao umelipa jimbo jina lake, huanzia katika nyanda hizo, kisha huelekea kaskazini mamia ya kilomita mpaka unapoingia katika mto Kongo huko Isangi. Upande wa mashariki ardhi hushuka hadi kwenye bonde la Upemba, ambamo mto Lualaba hupita katikati ya maziwa na vinamasi vingi. Yanayojulikana zaidi ni ziwa Upemba na ziwa Kisale.

Kwa hiyo Haut-Lomami ina aina mbili kuu za ardhi oevu. Ya kwanza ni ile ya bondeni: maziwa yenye kina cha mita chache tu, yaliyozungukwa na mafunjo na matete. Lualaba inapojaa, maji husambaa na maziwa hukaribia kuungana. Inapopungua, eneo kubwa hubaki tope na majani. Aina ya pili ni ile ya nyandani, ambayo wanajiografia huiita dambo. Hili ni bonde pana lisilo na kina, lisilo na miti, lililo katikati ya pori la miombo. Wakati wa masika dambo hulowa hadi juu. Wakati wa kiangazi hukauka usoni lakini huhifadhi unyevu chini. Mito mingi ya nyanda hizi huanzia katika mabonde ya namna hiyo, maji yakichuruzika polepole kutoka katika udongo uliolowa.

Tabia hizi mbili ndizo kiini cha tatizo linalojadiliwa hapa. Katika bonde la Upemba mstari unaotenga maji na nchi kavu huhama kila mwaka, na kuhama huko huweza kuwa kwa umbali mkubwa sana kuliko mita zozote zinazotajwa na sheria. Katika dambo mstari huo ni vigumu hata kuuona, kwa kuwa maji yamo ndani ya udongo. Kanuni inayosema "mita kadhaa kutoka kwenye maji" hulazimika kwanza kujibu swali: maji ya mwezi gani?

3.0 Wenye nchi na wenye ziwa

Watu wameishi kando ya maziwa ya Upemba kwa muda mrefu. Uchimbaji wa kiakiolojia uliofanywa Sanga, kando ya ziwa Kisale, na Jacques Nenquin mwaka 1957 na Jean Hiernaux mwaka 1958, kisha ukaendelezwa na Pierre de Maret katika miaka ya 1970, ulifukua makaburi yenye vyombo vingi vya udongo, vitu vya chuma na shaba, na mabaki ya vyakula, wakiwamo samaki. Utamaduni ambao wanaakiolojia wameuita wa Kisale ulianza yapata karne ya 8 na kufikia kilele chake kati ya karne ya 10 na ya 13. Makaburi yake yanaonyesha jamii iliyokuwa na watu wengi, yenye tofauti za hadhi, na iliyotegemea kwa kiasi kikubwa mazao ya maji.

Jamii ya namna hiyo haiwezi kudumu karne nyingi ukingoni bila mapatano. Samaki wa maziwa yenye kina kifupi huweza kumalizwa, na mahali pazuri pa kutegea ni pachache. Baadhi ya wanahistoria wamehusisha chimbuko la utawala wa Waluba na haja hiyo hiyo: kugawa sehemu za kuvulia, kujenga na kutunza matuta na mifereji, na kusimamia biashara ya samaki wakavu, chumvi, chuma na shaba. Hata kama hoja hiyo haielezi kila kitu, angalau inaweka ukingo wa maji mahali pake katika historia ya siasa.

Katika utawala wa Waluba mamlaka juu ya ardhi na maji yalikuwa na ngazi. Juu alikuwapo mulopwe, yaani mfalme, akizungukwa na wenye vyeo waitwao bilolo. Chini yao walikuwapo wenye nchi wa kila mahali, ambao uhusiano wao na ardhi ulitangulia kuja kwa wafalme. Hao ndio waliofanya ibada kwa ajili ya rutuba, mawindo na samaki, nao walipewa sehemu ya kilichopatikana. Aidha, maziwa, chemchemi na vilima fulani vilihesabiwa kuwa makao ya bavidye, yaani roho walinzi wa nchi. Makao ya mfalme aliyefariki nayo yaligeuka kuwa kitenta, mahali pa kuenziwa ambapo roho yake iliendelea kuhudumiwa. Kumbukumbu za mahali hapo hazikuachwa zipotee. Chama cha Mbudye kilizihifadhi, na miongoni mwa vyombo vyake kilikuwa lukasa, ubao wenye shanga na michoro ambao mjuzi aliusoma kwa vidole akieleza habari za wafalme, safari na mahali patakatifu.

Utaratibu huu haukuwa na mita. Mahali palilindwa kwa kujulikana ni pa nani, na kwa kujulikana ni wakati gani paguswe. Ukingo ulipohama na mafuriko, haki ya mwenye nchi ilihama nao, maana ilishikamana na mahali na watu wake. Hata hivyo si haki kuusifu kupita kiasi. Ulimlinda aliyekuwa na ukoo na nasaba mahali pale kuliko mgeni, na mtu mkubwa kuliko mdogo. Tena hakuna ushahidi kwamba ulibuniwa kwa lengo la kuhifadhi viumbe. Uhifadhi, pale ulipopatikana, ulikuwa tunda la utaratibu wa kugawana.

4.0 Ukanda wa kuwatenga watu

Amri ya tarehe 1 Julai 1885 ya Dola Huru ya Kongo ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Kwa macho ya watawala, "yenye mwenyewe" ilikuwa ardhi yenye nyumba au shamba. Kinamasi, pori la kuwindia na ukingo unaofurika miezi kadhaa kila mwaka havikuonekana kuwa na mtu. Katika Katanga usimamizi wa ardhi ulikabidhiwa Comité Spécial du Katanga, iliyoundwa mwaka 1900 na kudumu mpaka mwaka 1960. Mamlaka ya Waluba wenyewe yaligawanywa na kudhoofishwa. Mtawala Kasongo Nyembo, aliyepinga utawala mpya katika nchi ya Kamina, alikamatwa na kuhamishwa mwaka 1917.

Katika miaka hiyo hiyo ukanda wenye kipimo ulianza kuonekana katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, na chanzo chake kilikuwa maradhi. Nchini Uganda, ugonjwa wa malale ulipowaua watu wengi kandokando ya ziwa Victoria, Gavana Hesketh Bell alianza mwaka 1906 mpango wa kuwaondoa wakazi wa pwani ya ziwa hadi umbali wa maili 2, yaani zaidi ya kilomita 3, ili wasikutane na ndorobo. Katika bonde la Luapula, upande uliokuwa chini ya Waingereza, vijiji vya ukingoni navyo vilihamishwa kwa sababu hiyo hiyo. Huu ulikuwa ukanda wa kinga kwa maana kamili ya neno, isipokuwa aliyekingwa alikuwa binadamu na adui alikuwa ukingo.

Wazo hilo lilihamia mijini. Katika Elisabethville, iliyoanzishwa mwaka 1910 na ambayo leo ni Lubumbashi, eneo tupu la upana wa mamia ya mita liliwekwa kati ya mji wa Wazungu na mtaa wa Waafrika. Sababu iliyotajwa ilikuwa ya kitabibu: umbali ambao mbu aenezaye malaria aliaminiwa kuweza kuruka. Matokeo yake yalikuwa ya kijamii. Mstari uliochorwa kwa hesabu ya mbu ukawa mpaka wa rangi.

Maji yenyewe yalianza kutungiwa kanuni polepole. Amri ya tarehe 1 Julai 1914 ilihusu uchafuzi wa chemchemi, maziwa na mito. Amri ya mwaka 1937 ilishughulikia uwindaji na uvuvi. Mwaka 1952 zilitoka amri mbili zenye uzito zaidi: moja ya mwezi Mei kuhusu usimamizi wa mito na maziwa na idhini za kuyatumia, na nyingine ya mwezi Desemba yenye hatua za kulinda chemchemi, maji ya ardhini, maziwa na mito dhidi ya uchafuzi na upotevu.

Hali kadhalika, tarehe 15 Mei 1939 ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Upemba, ikiwa na kilomita za mraba 17,730 hapo mwanzo. Baadaye mipaka yake ilipunguzwa. Kati ya miaka 1946 na 1949 msafara wa kisayansi ulioongozwa na G. F. de Witte ulikusanya humo viumbe na mimea kwa wingi mkubwa. Hifadhi ilikuwa namna nyingine ya mstari: ndani mnyama na mtafiti, nje mvuvi na mkulima. Ziwa Upemba lenyewe liliguswa na mstari huo, na tangu hapo swali la nani aruhusiwe kuvua, na wapi, halikuisha.

Ni vema kuzingatia kwamba dola iliyoandika kanuni hizo ndiyo pia iliyoyabadilisha maji kwa nguvu kuliko mwanakijiji yeyote. Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, lililokamilika mwaka 1930 kwa ajili ya umeme wa migodi, lilizaa ziwa Tshangalele na kingo mpya kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 lilijengwa bwawa la Nzilo kwenye Lualaba, juu ya Bukama, yaani juu ya maziwa ya Upemba. Wakati huo huo serikali ilihimiza uchimbaji wa mabwawa ya samaki vijijini, na kituo cha Kipopo karibu na Elisabethville kilikuwa mstari wa mbele katika utafiti wa ufugaji wa perege. Mengi ya mabwawa hayo yalichimbwa mabondeni, mahali pale pale ambapo kanuni ya ulinzi ingekataza kuchimbwa.

5.0 Base ya Kamina: mstari unaotiiwa

Kamina ilikua kwanza kama kituo cha reli. Njia iliyounganisha Katanga na bandari ya mto Kasai huko Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, ilikamilika mwaka 1928, na mwaka 1956 njia ya kwenda Kabalo iliunganisha Kamina na mtandao wa mashariki. Kati ya matukio hayo mawili lilitokea jambo lililoibadilisha ardhi ya nyanda kuliko reli. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Ubelgiji, ikihofia vita vingine vya Ulaya, iliamua kujenga hapo kambi kubwa ya kijeshi yenye uwanja wa ndege. Hiyo ndiyo Base ya Kamina.

Historia ya kisiasa ya Base inajulikana. Mkataba wa urafiki uliotiwa saini tarehe 29 Juni 1960, siku moja kabla ya uhuru, uliiacha mikononi mwa Ubelgiji. Mapatano hayo yalivunjika ndani ya wiki chache, na Umoja wa Mataifa ukachukua nafasi. Mwezi Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji waliruka kutoka Kamina kwenda Stanleyville, yaani Kisangani. Mwezi Mei 1978 uwanja huo ulitumika tena wakati wa vita vya Kolwezi.

Kwa mada hii, maana ya Base ni nyingine. Uwanja wa ndege wa kijeshi unahitaji uwazi: pasiwe na nyumba, shamba wala mti mrefu mahali ndege inapopaa na kutua. Ukanda wa namna hiyo hupimwa, huchorwa katika ramani na hulindwa kwa silaha. Hapa, karibu na vyanzo vya Lomami, dola ilionyesha kwamba inaweza kuchora mstari juu ya ardhi na mstari huo ukatiiwa na watawala waliofuatana: wakoloni, Umoja wa Mataifa, Zaire, kisha Kongo. Chemchemi na dambo za jirani hazikuwahi kupata mlinzi wa namna hiyo. Tofauti hiyo haikutokana na ugumu wa kupima. Njia ya ndege ilikuwa na taasisi iliyojua kwa nini inaihitaji. Dambo lilikuwa na wanawake wenye bustani za kiangazi, na mamlaka ya wenye nchi ambayo sheria ilikuwa imeacha kuyatambua.

6.0 Kutoka ardhi ya dola hadi mita 50

Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1966 inayojulikana kwa jina la Bakajika iliirudishia dola ya Kongo ardhi na madini yaliyokuwa mikononi mwa makampuni ya kikoloni. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilikwenda mbali zaidi: ilitamka kwamba ardhi yote ni mali ya dola peke yake, isiyoweza kuuzwa. Ardhi za jamii za wenyeji nazo ziliingizwa humo. Ibara ya 389 iliahidi kwamba haki za wenyeji juu ya ardhi hizo zingefafanuliwa kwa amri ya rais. Miongo ilipita bila amri hiyo kutolewa. Mkazi wa ukingoni akabaki na matumizi bila hati, na desturi bila kipimo.

Ndipo zikaja sheria za mazingira. Kongo ilijiunga na Mkataba wa Ramsar kuhusu ardhi oevu mwaka 1996, robo karne baada ya mkataba huo kupitishwa mwaka 1971. Uganda ilikuwa imejiunga mwaka 1988 na Kenya mwaka 1990; Tanzania ilifuata mwaka 2000. Hadi mwaka 2017, Kongo ilipoandikisha bonde la Lufira, maeneo yake katika orodha ya Ramsar yalikuwa manne. Bonde la Upemba halikuwa mojawapo. Kanuni ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 ndiyo iliyoweka kipimo kinachotajwa mara nyingi: ibara yake ya 48 ilikataza kufyeka msitu ndani ya mita 50 kila upande wa mto, na ndani ya mita 100 kuzunguka chanzo chake. Sheria ya mazingira ilifuata mwaka 2011, ya uhifadhi wa viumbe mwaka 2014, na ya maji tarehe 31 Desemba 2015.

Ibara ya 48 yastahili kusomwa kwa makini katika mazingira ya Kamina. Kinachokatazwa ni kufyeka msitu. Katika msitu mnene wa kaskazini mwa nchi, katazo hilo linalinda ukingo. Lakini dambo, ambalo ndilo chanzo halisi cha mito mingi ya nyandani, halina msitu wa kufyekwa, ni majani. Anayelima matuta katikati ya dambo, au anayechimba mfereji wa kulikausha, aweza kudai kwamba hajakata mti hata mmoja. Kadhalika mafunjo ya ziwa Kisale si msitu. Kanuni iliyotungwa kwa mfano wa mto wenye kingo na miti inapita juu ya ardhi oevu za Haut-Lomami bila kuzigusa.

Nchi jirani zilijaribu njia mbalimbali, kama inavyoonekana katika mifano ifuatayo:

(a) Kenya, katika kanuni za kilimo za mwaka 1965, ilitumia upana wa mto wenyewe kama kipimo: mto mpana zaidi ya mita 2 ulipewa ukanda ulio sawa na upana wake, usiozidi mita 30. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka mita 6 hadi 30, zikipimwa kutoka usawa wa juu kabisa wa mafuriko uliowahi kurekodiwa.

(b) Uganda, katika kanuni za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa, iliyapa maziwa makubwa yaliyotajwa katika jedwali ukanda wa mita 200 kutoka alama ya maji ya chini, na mito mikubwa mita 100 kutoka alama ya maji ya juu.

(c) Tanzania, katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, iliweka mita 60 kwa bahari, maziwa, mito na mabwawa kwa pamoja.

Mifano hii inaonyesha kwamba watunga sheria walilitambua tatizo la mstari unaohama, na kila mmoja alilitatua kwa namna yake. Hakuna ufumbuzi usio na gharama. Mwezi Mei 2020 ziwa Victoria lilipanda hadi kufikia na kuzidi kidogo usawa wa mwaka 1964 uliokuwa rekodi. Ukanda uliopimwa kutoka maji ya chini ulimezwa na ziwa mahali pengi, pamoja na nyumba zilizokuwamo. Kwa upande mwingine, kama bonde la Upemba lingepimwa kutoka usawa wa juu kabisa wa mafuriko, vijiji vingi vya wavuvi vingejikuta ndani ya eneo lililokatazwa, ingawa vimekuwapo kabla ya sheria zote zilizotajwa hapa.

7.0 Lugha ya kanuni

Kanuni isiyoeleweka haiwezi kutiiwa, na hapa suala la lugha linaingia. Sheria za Kongo huandikwa kwa Kifaransa. Katika Kamina lugha ya nyumbani kwa wengi ni Kiluba, na lugha ya soko, reli na ofisi ndogo ni Kiswahili cha Katanga, kilicholetwa na biashara ya masafa marefu ya zama za Msiri na kukuzwa na migodi. Kambini kwenyewe, kama katika jeshi lote la Kongo, Lingala ilikuwa na nafasi kubwa. Hivyo agizo kuhusu ukingo wa mto hupita katika lugha tatu au nne kabla ya kumfikia mwenye jembe.

Kila lugha huongeza au kupunguza. Katika Kiswahili cha Kongo dola huitwa Leta, neno lililotokana na Kifaransa, na jambo la Leta ni jambo linalotoka nje ya kijiji. Neno "ardhi oevu", lililoenezwa na wataalamu wa Tanzania kutoka katika mzizi wa kulowa, halijulikani kwa mzungumzaji wa kawaida wa Katanga. Neno "mbuga" nalo limebadilika. Zamani lilitaja uwanda tambarare wenye majani na udongo mweusi unaotuama maji, jambo linalokaribiana sana na ardhi oevu. Leo wasikilizaji wengi hulielewa kuwa ni hifadhi ya wanyama. Akisema mtu "mbuga ya Upemba", mmoja ataona maji na mwingine ataona askari wa wanyamapori. Mabadiliko hayo ya maana yanafuata historia iliyoelezwa hapo juu: mahali palipotambuliwa kwa hali ya udongo wake pamekuja kutambuliwa kwa marufuku yake.

Aidha, lugha ya kisheria haina jina kwa yule ambaye utaratibu wa zamani ulimtambua kama mwenye nchi. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu serikali za mitaa ilizitaja chefferie miongoni mwa ngazi za utawala zenye mamlaka yake, na sheria ya mwezi Agosti 2015 ilieleza hadhi ya watawala wa jadi. Lakini chifu wa utawala na mwenye nchi si lazima wawe mtu mmoja. Kumkabidhi wa kwanza ukingo uliokuwa wa wa pili ni kuanzisha ugomvi ambao mita 50 haziwezi kuuamua.

8.0 Hitimisho

Historia ya kingo za maji katika nyanda za Kamina na bonde la Upemba inaonyesha tabaka tatu zilizolaliana. Chini kabisa upo utaratibu wa wenye nchi, uliofuata maji yanapohama lakini haukumpa mgeni nafasi sawa. Juu yake upo ukanda wa kikoloni, uliopimwa kwa umbali wa mbu na ndorobo, ukatenga watu na kuacha wazo la kwamba ukingo ni mahali pasipo na mwenyewe. Juu ya yote ipo sheria ya mazingira, yenye lengo jema na kipimo kilichokopwa kutoka katika msitu.

Kutokana na hayo, mambo mawili yanafaa kuzingatiwa na wanaotunga kanuni za mahali, ziwe za jimbo au za chefferie. La kwanza ni kutaja aina ya ardhi oevu kabla ya kutaja mita. Dambo linahitaji kanuni inayozungumzia matuta, mifereji na moto wa kiangazi, na ipimwe kuanzia pale pori la miombo linapoishia, mpaka ambao kila mkulima anauona kwa macho na ambao hauhami na mvua. Maziwa ya bondeni yanahitaji kanuni ya msimu: ni miezi gani mafunjo na mazalio ya samaki yasiguswe, na ni nani atangaze kufunguliwa kwake.

La pili ni haki ya ardhi. Anayeambiwa aache mita 50 za udongo wenye unyevu anaambiwa aache mboga za miezi ya njaa, yaani kati ya mavuno ya mwisho na mvua za kwanza. Ibara ya 389 iliahidi mwaka 1973 kumwambia mtu huyo ana haki gani juu ya udongo huo. Ahadi hiyo ikiachwa bila kutimizwa, kila ukanda utakaochorwa kando ya Lomami utaonekana na wakazi wake kama walivyouona ule wa uwanja wa ndege: mstari wa Leta, unaolindwa maadamu mlinzi yupo.